Nyuma ya Bamba

Rafiki yangu, fundi wa kuchomelea, si mtu wa porojo. Ujanani alijenga meli ya watalii. Uzeeni akaajiriwa kuikata iwe chuma chakavu. Mchana mmoja alishuka chini kabisa ya meli kufuata mpira wa gesi aliousahau. Giza totoro. Akasikia ngo, ngo, ngo nyuma ya bamba la chuma alilolichomelea mwenyewe enzi zile, haraka haraka, bila kuchungulia ndani. Siku hiyohiyo alipolichomelea, shemeji yake, aliyefanya kazi naye humo melini, alipotea kazini, ikasemwa katoroka. Dada yake fundi, mke wa huyo shemeji, anamngoja mpaka leo.

"Shemeji, nisamehe," alinong'ona.

Mlio ukakoma. Akalikata bamba. Ndani hamkuwa na mtu wala mfupa. Lakini upande wa ndani bamba lilijaa mabonyeo ya nyundo, yanang'aa, hayana hata chembe ya kutu.