Aliyemwambia Mume Wangu Mashine ni Mbuni

"Shuka juu ya mbuni wangu!"

Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote. Yule kibarua hakushuka... Aliendelea kuchuma tu, kahawa yangu, kikapu chake!

Wapendwa, naitwa Edvina, niko Kishanda, Muleba. Kaeni vizuri niwasimulie.

Chini ya mibuni kulikuwa na vibarua wengine, na mwanaume wa kofia nyeupe anafunga magunia. Nikamfuata.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Haidari, mama. Mnunuzi wa kahawa, natokea Bukoba."

"Nani kakuuzia ya kwangu?"

Akaangalia pembeni.

"Mumeo. Aliniuzia tangu ikiwa maua."

Butura! Watu wa Kagera mnaijua aibu hii. Unauza kahawa ikiwa ua mtini, kwa bei ya kutupa, halafu msimu ukifika unasimama kuangalia mwingine akivuna.

Kwangu mimi haikuwa aibu tu. Kile kibanja, shamba hili la mibuni na migomba, alinipa Tata, baba yangu, mimi mtoto wa kike, mbele ya wazee wa ukoo. Wazee walinuna! Ili kuwatuliza akaweka sharti: siku mgeni akivuna humo, kibanja kinarudi kwa ukoo, kwa kaka yangu Kahigi. Na kaburi la Tata limo humo humo, kwenye migomba nyuma ya nyumba.

Nikaingia ndani mbio. Mume wangu Byarugaba amekaa kitandani na simu. Vipicha vya matunda vinazunguka, vinasimama, vinazunguka tena.

"Byarugaba, umeuza kahawa?!"

"Punguza sauti, waitu. Inakaribia kuzaa."

"Nini?"

"Hii sloti. Tangu Pasaka ya mwaka jana hainipi kitu, imepumzika. Wewe si mkulima? Mbuni ukipumzika mwaka huu, mwakani matawi yanavunjika kwa kuzaa. Mashine nayo ni hivyo hivyo."

Nikampokonya simu. Nikabonyeza penye maelezo ya mchezo, nikamsomea kwa sauti: kila mzunguko unajitegemea, yaliyotangulia hayabadilishi yanayofuata. Kiswahili cha darasa la nne!

"Umesikia? Mbuni unakumbuka mwaka jana ulizaa nini. Hii haikumbuki hata ulichocheza sasa hivi!"

Akacheka.

"Hayo wameandika ili tukate tamaa kabla haijatoa."

"Kwa nini lakini? Si unalijua sharti la Tata?"

Hapo akainamisha kichwa.

"Nilijua ningeikomboa kahawa kabla ya mavuno. Edvina, nimechoka kuitwa mwanaume aliyeolewa. Nilitaka na mimi niwe na kibanja changu."

Jamani... nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja.

Kesho yake nikapanda basi hadi Bukoba. Haidari nilimkuta kwenye ghala lake karibu na soko. Nikapiga magoti, mtu mzima mimi.

"Chukua ng'ombe wangu, kahawa baki nayo. Waambie tu wazee kwamba nilikuita unisaidie kuvuna."

"Inuka, mama. Siwezi. Ile hela ya butura haikuwa yangu."

"Ya nani?"

Akasukuma mlango wa ghala ukafunga.

"Ya kaka yako Kahigi. Mimi alinituma tu. Na ule mchezo yeye ndiye alimwekea shemeji yake kwenye simu. Alicheka sana siku hiyo. Akasema, Byarugaba ni mkulima, ukimwambia mashine ni mbuni hatauliza zaidi."

Kahigi! Kaka yangu wa tumbo moja! Nikaikumbuka Pasaka ile. Alikuja na jogoo, wakakaa uani na mume wangu wakiinamia simu, vicheko tele, na mimi jikoni nafurahi kwamba ndugu wanapendana. Mjinga mimi!

"Twende ukawaambie wazee."

"Nikisema hayo, nani ataniuzia kahawa tena Kishanda? Nisamehe, mama."

Wazee walikaa uani kwangu, wakapewa kahawa ya kutafuna kama desturi. Nikasema yote. Kahigi akainuka, akaenda kwenye kaburi la Tata, akaweka kiganja juu ya udongo na kuapa kwamba hajui lolote.

"Shahidi wako yuko wapi?" mzee Rweyemamu akaniuliza.

"Amekataa kuja."

"Mgeni kavuna, hakuvuna?"

"Amevuna, mzee."

"Basi."

Wakasimama, wakakung'uta makalio, wakaondoka. Kahigi ndiye aliyewasindikiza, tayari kama mwenye nyumba.

Byarugaba alikuwa ameegemea mlango. Nilidhani atamrukia Kahigi, damu imwagike. Akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo... ina maana haitazaa?"

Nilikosa hata nguvu ya kumzaba kofi.

Sasa yeye yuko kwa ndugu zake, kijijini Kaagya, na nasikia bado anazungusha. Mimi nimepanga chumba hapa hapa Kishanda, nachuma kahawa za watu kwa ujira wa debe. Msimu huu Kahigi alitafuta vibarua. Nikaenda. Msinicheke, nilitaka tu kuwa karibu na kaburi la Tata.

Juzi nikapanda ule mbuni mrefu alioupanda Tata mwenyewe. Ukiwa juu kaburi linaonekana vizuri, nikajikuta nimeacha kuchuma, namwaga machozi. Kahigi akatokea chini.

"Sikulipi ulie, Edvina. Shuka juu ya mbuni wangu!"

Nikashuka.

Wapendwa, ile mashine ilitula, sikatai. Lakini haikutuchagua. Haikumjua Byarugaba wala Edvina, na ukweli wake iliuandika wazi kwa yeyote anayetaka kusoma. Aliyetuchagua alitoka tumbo moja na mimi, na ule mchezo yeye mwenyewe hajauzungusha hata mara moja. Kwa hiyo ndugu akikufundisha mchezo asioucheza yeye, usiulize mashine inatoa lini. Angalia kwanza yeye anataka kuvuna wapi.