Kidonda Kimepona, Goti Bado

Kila Jumanne baada ya masomo, Kiberenge alipitia chumba cha mazoezi ya viungo. Wasichana wenzake walimpa jina hilo kwa mbio zake uwanjani, na hata sasa, miezi sita tangu afanyiwe upasuaji wa kano ya goti, alikuwa hatulii. Mwenzake wa mazoezi alikuwa fundi rangi wa miaka hamsini na miwili, aliyeanguka kutoka kwenye ngazi. Walifanyiwa upasuaji wiki ile ile.

"Shikamoo, mjomba. Goti bado linalia kama mlango wenye kutu?"

"Marahaba, mpwa wangu. Cheka tu. Lako jipya, langu limetembea sana."

Siku hiyo Kiberenge alijawa na furaha. Jumamosi kulikuwa na mechi, naye alishamwambia mwalimu wa michezo kwamba daktari amesema amepona.

"Daktari alisema hivyo?" akauliza mtaalamu wa viungo, mama mmoja mcheshi asiyepitwa na jambo.

"Ndiyo. Yaani… alisema kidonda kimepona."

"Kumbe kidonda! Haya, ruka kwa mguu uliopasuliwa, mara kumi. Na wewe, fundi."

Fundi rangi akaruka, akihema na kuguna, mpaka kumi. Kiberenge aliporuka mara ya nne goti liliyumba, akashika meza asianguke. Uso ulimshuka.

"Mazoezi ya nyumbani unayafanya?"

Alitaka kusema ndiyo, lakini akalitazama goti lake. "Siyafanyi, mama. Maumivu yaliisha, nikaona ya nini. Kwenye daftari ulilonipa naweka tiki tu." Akalia kwa aibu.

Kesho yake alimweleza mwalimu ukweli wote, na jina lake likafutwa kwenye orodha ya wachezaji wa Jumamosi. Lilimuuma sana jambo hilo. Hata hivyo, tangu siku hiyo alifanya mazoezi kila jioni, huku mama yake akimhesabia. Miezi mitatu baadaye aliruka mara kumi bila kutikisika, na daktari akamruhusu kucheza. Fundi rangi alipiga makofi kuliko wote.

"Mwili wa kijana hupata nafuu upesi, ndiyo maana humdanganya mwenyewe," mtaalamu akamwambia. "Wengi wanaorudi kwangu kano ya goti imekatika tena ni wa rika lako, si la huyu mjomba wako. Yeye maumivu yalimlazimisha kunisikiliza. Wewe goti lako lilianza kupona siku uliposema kweli."