Gari la Raphaël na Kona za Fizi

Kila alasiri baada ya masomo, Husna alivua sare, akavaa kitenge kikuukuu na kwenda kwenye gereji ya baba yake karibu na soko la Baraka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na ulimi wake haukujua kulala. Baba yake, fundi Lukmani, alimpa kazi ya kusafisha ressort, zile springi zinazobeba uzito wa gari.

Siku hiyo dereva Raphaël alileta gari lake dogo la abiria. Barabara ya kupanda Fizi ilijaa mashimo, na miaka ile ya vita dereva aliyepunguza mwendo mashimoni aliweza kuvamiwa na wenye silaha. Kwa hiyo Raphaël alitaka gari liinuliwe, lipite mashimo bila kupunguza mwendo. Lukmani alikata vipande vya tairi kuukuu, akavipachika juu ya ressort kama walivyofanya mafundi wote mjini. Gari likasimama juu kama jogoo.

Husna alikuwa ndani baba yake alipolijaribu. Kwenye kona ya msikiti lililala upande hata bega lake likagonga mlango. Na sasa abiria walikuwa wakipakia magunia ya ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani, juu ya paa. Mmoja wao alikuwa Hawa, mama yake.

“Baba, hii gari inalala mu kona,” Husna alisema.

“Nyamaza, mwana. Raphaël mwenyewe alitaka vile.”

Anyamaze? Wapi! Aliketi chini mbele ya gurudumu.

“We mutoto mwanamuke,” Raphaël alicheka, “unajua nini ya ressort? Toka!”

“Sitoki! Mama yangu iko mule ndani. Bamama bashuke, we uzunguke ile kona na mizigo. Gari ikisimama sawa, sitafunga njia tena.”

Hawa alishuka wa kwanza, wenzake wakamfuata, na Husna akasogea pembeni. Raphaël, kwa hasira, akakanyaga mafuta. Kwenye kona gari likainama, gurudumu la nyuma likaacha ardhi, na gunia likapasuka barabarani. Gari likarudi chini kwa kishindo. Raphaël akalirudisha gereji polepole.

Lukmani alichukua jeki. Aliondoa vile vipande vyote, akalishusha gari, akafunga amortiseur ngumu, zile shokomzoba zinazotuliza gari, badala ya zile zilizochoka. Magunia yakahamia ndani, chini miguuni pa abiria. Safari hii gari lilipita kona bila kuyumba.

“Tumbo ya gari itakwaruza mawe,” Raphaël alinung’unika.

“Ikwaruze!” Husna alijibu. “Tumbo ya gari banachomelea. Ya mama yangu habachomelee!”

Abiria walicheka, wakapanda. Kesho yake Hawa alirudi salama, na Raphaël aliapa kwamba hajawahi kupita kona za Fizi haraka vile bila kuogopa bonde.

Ndipo Lukmani alipomwita binti yake mbele ya watu wote wa gereji.

“Ile kona ya msikiti, hata mi nilisikia gari inalala,” alisema. “Nikanyamaza, juu niliogopa Raphaël atakasirika. Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Vita inatuua ya kutosha, Husna. Fundi asiiongezee kazi kwa kunyamaza. Ukiona kosa, sema, hata kama kosa ni ya baba yako.”