Idhini ya Mama Pete

Ukurasa ulitakiwa uwe mtupu. Sifuri tupu, mstari baada ya mstari. Badala yake, saa nne ya asubuhi, jua limejaa dirishani na feni inalalamika darini, Kiraka aliona katikati ya zile sifuri jina la mtu aliyekwisha kuzikwa. Akaifuta skrini kwa kiganja, eti vumbi.

Kazi yake ilikuwa kutunza kiini cha mfumo ndani ya mashine za hospitali, zile zinazodondosha dawa kwenye mshipa wa mgonjwa. Kumbukumbu ya mashine hugawanywa kurasa, na kiini ndicho mgawaji: programu huomba ukurasa, ikimaliza huurudisha, nao hufutwa uwe sifuri tupu kabla ya kupewa programu nyingine. Wiki nzima mashine ya majaribio ilikuwa ikizimika, daima kwa kosa la ukurasa uleule. Ulikuwa umesharudishwa, lakini kulikuwa na mtu bado anausoma.

"Imeanguka tena?" bosi aliuliza mlangoni. "Keshokutwa mashine mia zinakwenda wodini."

"Nitaliziba, bosi."

Ndiyo maana walimwita Kiraka. Hakuna tundu asilolibandikia kitu.

Bosi alipoondoka ikaja harufu ya karafuu, na Kiraka akashikwa na aibu kabla hata ya hofu.

Pale kazini kazi haipiti mpaka mtu wa pili aisome na kuiidhinisha, na likitokea baya, huyo wa pili ndiye hujibu. Kwa miaka kumi na minne huyo alikuwa Mama Pete. Alisimama nyuma ya bega lako ananukia mafuta ya karafuu aliyojipaka viganjani kwa maumivu. Akiridhika aligonga pete mezani mara moja. Asiporidhika, mara mbili: soma tena, mwanangu. Vidole vilipomgomea kabisa, alimpa Kiraka neno lake la siri. "Niandikie wewe, mwanangu. Nakuamini."

Mwaka juzi, Mama Pete akiwa kliniki, Kiraka aliiidhinisha kazi yake mwenyewe kwa jina la mama huyo, kwa haraka tu, ili awahi nyumbani. Mashine zikaganda wodini, na mgonjwa mmoja akaponea chupuchupu. Bosi alipotazama kumbukumbu za idhini, jina lilikuwa la Mama Pete. Alifukuzwa mbele ya watu wote. Alimtazama Kiraka mara moja tu, naye Kiraka akainama kufunga kamba za viatu. Siku hiyo alivaa viatu visivyo na kamba.

Baada ya miezi minne presha ikamchukua Mama Pete. Na lipo jingine, ambalo Kiraka hakumwambia hata mkewe: jina lile halikufutwa kwenye mfumo, naye aliendelea kulitumia. Kila wiki marehemu aliidhinisha kazi zake.

Ko, ko, meza ikagongwa.

"Mwanangu," mama wa usafi alinong'ona, ameshika ufagio kifuani, "hapa kwako pana mtu."

Mchana Kiraka akamwita mjomba wake, mganga wa majini, akampitisha mlango wa nyuma kama anayeingiza magendo. Mjomba akanusa, akaketi. Mkoba wake hata hakuufungua.

"Huyu simfukuzi."

"Kwa nini, Mjomba?"

"Anayevamia ndiye hufukuzwa. Huyu ameitwa. Nani anamwita kila siku?"

Kiraka akatazama viatu vyake.

"Basi nenda kwa wafiwa, ukaseme kwa mdomo wako. Usifiche hata chembe."

"Kesho, Mjomba. Kesho nitakwenda."

Mjomba alipotoka, Kiraka alikata ukaguzi wa kurasa, ule uliokuwa ukiizima mashine kila ulipokuta kosa, akaufunika ukurasa kwa sifuri, akaandika tena jina la Mama Pete kwenye nafasi ya idhini. Na kidole kilipogusa kitufe feni ilisimama, harufu ya karafuu ikapanda mpaka machozi yakamtoka, sifuri zikaanza kuondoka moja baada ya moja na nyuma yake jina lile likajitokeza, likajirudia, likajaza skrini kuanzia juu hadi chini, huku pumzi ya mtu anayesoma taratibu ikimgusa shingoni, mpaka mashine ikazimika.

Mashine ikizimika, mfumo humtumia taarifa aliyeidhinisha mara ya mwisho. Kiraka hakujali jambo hilo, kwa kuwa simu ya marehemu ilizimwa tangu msiba.

Simu ya Kiraka ikaita. Kwenye kioo: Mama Pete.

"Kaka," ilikuwa sauti ya binti wa marehemu, "nimewasha simu ya mama nitafute picha zake. Umeingia ujumbe wa kazini kwenu. Unasema mama ameidhinisha kazi leo."

"Ni... ni mfumo tu, dada. Tulikosea."

Ko, ko.

"Mimi," akasema. "Nilikosea mimi, peke yangu. Leo, na siku ile aliyofukuzwa. Jina niliandika mimi."

"Mama alijua," binti akasema. "Siku ile ile alijua. Nilitaka kuja kwa bosi wenu, akanikatalia. Alisema, muache, ana aibu kijana, atakuja mwenyewe. Mpaka siku ya mwisho alikuwa anauliza kama umekuja."

Kiraka akalia kwa sauti, mchana kweupe, watu wanamwona. Kisha akainuka akamweleza bosi yote, na zile mashine mia zikazuiwa.

Aliporudi kukusanya vitu vyake, harufu ilikuwa bado ipo, begani pake, pale pale alipozoea kusimama Mama Pete. Kiraka akaweka mikono mezani, akasubiri pete igonge mara moja.

Mpaka leo anasubiri.