Kichuguu cha Kukhu

Kengele ya shule ile ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mkaratusi. Ilipogongwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Nabwile alikuwa ameshatandika kitanda na kupiga viatu brashi. Alikunywa uji, akala mkate, kisha akaingia darasa la sita lenye wanafunzi tisa. Tisa tu! Katika shule yake ya zamani kule Tongaren walikuwa sabini na wawili, na dawati moja lilibeba wanne. Hapa Kitale, katika shule hii ndogo ya bweni ya kimataifa iliyomchukua mwaka ule wa 2006 kwa sababu ya bidii yake, kila mtu alikuwa na kiti chake. Hapakuwa na mgongo wa mtu wa kujifichia.

Kulia kwake aliketi Femke, binti wa daktari wa mifugo kutoka Uholanzi. Kushoto aliketi Rotich wa hapo hapo Kitale, mvulana asiyeweza kunyamaza hata akiumwa na jino.

"Niaje, Nabwile," Rotich alisema Jumatatu hiyo. "Leo mwalimu anarudisha insha. Mimi nimeandika ati nzi ni mchafu, basi. Sijui nitapata nini."

Nabwile alicheka.

Insha yenyewe ilihusu mdudu wa nyumbani kwao, na Nabwile alikuwa amechagua kumbikumbi. Alikwenda maktaba, akafungua kitabu kikubwa cha wadudu, akanakili ukurasa mzima bila kuruka hata nukta. Tusimlaumu bado. Kule alikotoka, kazi nzuri ilikuwa hiyo: mwalimu aliandika ubaoni, mtoto akanakili, na aliyebadilisha neno alipigiwa mkasi, ile alama ya kosa. Ni kweli Mwalimu Nduta alikuwa amewaambia waandike kwa maneno yao wenyewe. Lakini maneno ya mtoto wa Tongaren yangeshindaje ya kitabu chenye jalada gumu?

"Nabwile," Mwalimu Nduta aliita, karatasi mkononi. "Umeandika kwamba vichuguu vya kwenu ni vyembamba kama ukuta, na vyote vimelala kutoka kaskazini hadi kusini. Umeviona kwa macho yako?"

Moyo ulimlipuka paa! Hakuwa amefikiria alichokuwa akinakili. Kitabu kilizungumzia vichuguu vya Australia, na jina la nchi hiyo lilikuwa ukurasa wa nyuma, ambao hakujisumbua kuufungua. Angeweza kusema kwamba alinakili na mambo yakaishia pale. Lakini wenzake wanane walikuwa wamemgeukia, na aibu ikamshinda.

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu. "Kwetu viko hivyo."

Hapo sasa tunaweza kumlaumu.

Mwalimu Nduta aliweka karatasi mezani. "Ajabu! Mimi nimezaliwa katika mji wa Kwanza, hapa jirani, na sijawahi kuona kichuguu cha namna hiyo. Basi Ijumaa tutakwenda Tongaren kuvitazama. Kila mmoja atabeba dira."

Darasa lilishangilia. Femke alimkumbatia Nabwile kwa furaha, naye akasimama pale kama gogo.

Wiki hiyo hakutulia hata kidogo. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Aliomba mvua kubwa inyeshe ili barabara isipitike, na jua likazidi kuwaka. Aliomba apatwe na homa, akajipima paji la uso kwa kiganja na kulikuta baridi kabisa. Chakula hakikushuka. Rotich alimalizia wali wake siku mbili mfululizo bila kuuliza maswali, maana kwa Rotich wali haukuwa na maswali.

Jumatano alikwenda kwa matroni, akaomba simu ampigie nyanya yake, Kukhu Nakhungu, aliyemlea. Simu ilipokelewa na binamu yake.

"Sifuna, Kukhu yuko wapi?"

"Ameenda sokoni. Kwani kuna nini?"

"Afadhali! Sikiza. Chukua jembe, kile kichuguu cha nyuma ya nyumba kikate huku na huku, kiwe chembamba kama ukuta. Kielekee kaskazini na kusini."

"Wewe Nabwile, umepata wazimu huko kwa wazungu? Kichuguu cha Kukhu?"

"Tafadhali bana! Nitafukuzwa shule!"

Sifuna alisita, kisha akakubali, maana alimpenda binamu yake.

Kichuguu hicho hakikuwa udongo wa kuchezea. Kule kwao vichuguu vina wenyewe kama ng'ombe walivyo na wenyewe, na hiki Kukhu alikirithi kwa mama mkwe wake. Kila msimu wa mvua familia nzima ilikizunguka, ikapigapiga vijiti kwa mdundo ili walio ndani wadhani mvua imeanza. Kumbikumbi walitoka kwa maelfu, na hakuna jirani aliyekosa bakuli lake. Nabwile aliyajua hayo yote tangu akiwa mgongoni. Hakuandika hata moja.

Ijumaa gari la shule liliingia uani. Kukhu Nakhungu alikuwa amesimama kando ya kichuguu, mikono kifuani, jembe miguuni pake. Sifuna alikuwa nyuma yake, macho chini. Upande mmoja wa kichuguu ulikuwa umekatwa, udongo mwekundu umemwagika. Ilikuwa wazi kwamba Kukhu alirudi kutoka sokoni mapema.

"Karibuni, wageni," Kukhu alisema kwa upole. "Mwenye habari ni huyu mjukuu wangu. Yeye atawaeleza."

Dira tisa zilikuwa zimeshatolewa. Nabwile alimtazama Sifuna. Angeweza kusema ni ng'ombe waliokibomoa. Angeweza hata kumtupia Sifuna lawama, na Sifuna angenyamaza.

"Hakielekei popote," alisema, na machozi yakamtoka. "Ni cha mviringo, vyote huku ni vya mviringo. Nilinakili kitabu, halafu nikadanganya. Sifuna hana makosa, ni mimi niliyemwambia akikate. Nisamehe, Kukhu. Nisamehe, Mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Rotich alikuwa wa kwanza kurudisha dira mfukoni.

"Kitabu hicho nimekisoma," Mwalimu Nduta alisema. "Tangu Jumatatu nilikuwa nikingoja uje uniambie. Ulidhani tulikuchukua ili utuletee maneno ya kitabu? Vitabu tunavyo."

Kukhu alimshika mkono, akamsogeza penye udongo uliokatwa. "Ona, mjukuu wangu. Ungesema kweli siku ile, ungeona aibu kidogo tu, ikaisha. Umengoja, sasa kuna jembe, kuna binamu aliyegombezwa, na kuna nyumba ya wenyewe iliyobomoka. Uongo wako umekula vitu vingi."

"Kumbikumbi watatoka tena, Kukhu?"

"Msimu huu sijui. Majirani nitawaambia nini, hilo pia sijui. Tazama."

Watoto wote walipiga magoti. Mchwa walikuwa wamejaa kwenye jeraha lile, kila mmoja na chembe ya udongo mdomoni, akiibandika, akirudi kuleta nyingine.

Mwalimu Nduta alifungua mkoba, akampa Nabwile karatasi tupu na kalamu. "Utaandika upya. Unachokiona, na unachokijua. Ukikosea, ni kosa lako mwenyewe, na hilo tunaweza kulisahihisha. Lakini kwanza kamsaidie nyanya yako kurudisha udongo."

Alifanya kazi na Sifuna mpaka mikono ikawa myekundu, Femke na Rotich wakisaidia bila kuitwa. Kisha aliketi chini, akaandika: "Kichuguu cha Kukhu yangu ni cha mviringo, na mimi ndiye niliyekiharibu."

Kukhu aliita kutoka jikoni kwamba ugali uko tayari. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, Nabwile aliona njaa.