Perege Wasio na Alama

“Mama Digna, mbona samaki hawa hawana alama ya ndoana wala wavu?” Jirani yangu Odilia aliniuliza hivyo nilipompelekea sahani ya perege. Mimi nilikuwa kwenye mfungo wa Kwaresima, hivyo sikuwaonja. Nikamjibu kwamba binti yangu Digna, wa darasa la sita, huwanasa bwawani kwa mgono, mtego wetu wa fito, kila atokapo shule.

Jioni ile Natalia, mtoto wa Odilia, alianza kutokwa na povu mdomoni, akakimbizwa hospitali. Digna hakuwagusa samaki wale. Alisema ameshiba.

Asubuhi kaka yangu Tadei, anayefanya kazi maabara, alikuja kuchukua mabaki ya samaki akayapime.

“Shikamoo, mjomba,” alisema Digna. “Mashine yenu ya maabara inaijuaje sumu?”

“Marahaba. Molekuli ya sumu tunaitia chaji ya umeme, na molekuli za maji zinaing'ang'ania. Linakuwa bonge dogo lisiloonekana kwa macho. Tunalirusha ligongane na gesi. Likigongwa kidogo, maji yanabanduka, kama tope kwenye jembe. Likigongwa kwa nguvu, sumu yenyewe inavunjika. Kila sumu ina vipande vyake, navyo ndivyo vinavyoitaja.”

“Kwa hiyo leo mtajua?”

“Labda kesho kutwa. Sumu ni nyingi, lazima tulinganishe. Daktari angepata jina leo, angejua pa kuanzia. Yule mtoto hana siku mbili.”

Digna alizunguka nyuma ya nyumba. Akarudi na chupa ya dawa ya wadudu tuliyobakiza baada ya kupulizia mpunga.

“Mgono ulikuwa unatoka mtupu, mjomba. Nikaimwaga hii bwawani.”

Tadei aliipokea, akawasha pikipiki.

Baadaye vipande vya sumu vilivyosomwa na mashine vililingana na dawa ya chupani. Natalia alipona, ila mkono wake wa kulia unatetemeka. Kalamu haishiki.

“Umesema, na hilo ni jema,” nilimwambia Digna. “Lakini ulilala na ukweli huku mwenzio anahangaika. Mungu humsamehe anayetubu, lakini mkono wa Natalia ndio huo. Mwanangu, ukweli usisubiri kugongwa ndipo utoke.”

Jumapili Odilia alikuja na sahani yangu. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Hata kiganja cha mchele utaweka. Digna alipiga magoti mlangoni.

“Nisamehe, mama.”

Odilia alimtazama. Akaweka sahani mezani, imeoshwa, haina kitu. Akageuka, akatoka.