Kikapu cha Ndiga

Katika zama za Vita vya Maji Maji, miaka mingi kabla wanawake wa Kilwa hawajasoma maandishi yake ya mapishi, Somoe binti Likumbo alikuwa mke kijana katika boma moja la vilima vya Umatumbi. Kila alfajiri alijifunga kaniki yake, akashuka kijitoni kugeuza vipande vya ndiga vilivyolowekwa vikapuni. Ndiga ni kiazi cha mwituni chenye sumu; hakiliwi mpaka maji yanayokipitia yaache kutoa povu.

Asubuhi ile povu lilikuwa lingali jingi bunduki zilipolia ng'ambo. Mwanamke aliyeinama kando yake aliangukia kikapu chake, shingo imepasuka, na povu likawa jekundu. Somoe alinyakua vikapu viwili akakimbilia bomani, risasi zikichana majani juu ya kichwa chake. Nyuma yake askari wa Wadachi walikuwa wakitia moto maghala.

Wapiganaji bomani hawakuwa wameonja kitu tangu jana. Kiongozi wao, Mtopela, aliyekuwa baba wa mume wake, akaviona vikapu.

"Zipikwe. Tumbo tupu halishiki mkuki."

Mila haikumruhusu mke kumkabili baba mkwe, sembuse kumpinga. Somoe akageukia ukuta, akamnong'oneza mama mkwe: "Mwambie baba, zingekaa majini kidogo."

"Mkweo anasema zingekaa majini kidogo," mama akafikisha.

Mtopela akacheka. "Na vita navyo vikae kidogo? Mwambie mkwe wangu, leo hatuozi binti hapa hata tupike taratibu."

Kikapu kimoja kikapikwa. Mtopela aliwaachia vijana sehemu yake. Ligumbe, mume wa Somoe, alimkonyeza huku akitafuna. "Chungu kama ulimi wa mama!" Kisha lango likafunguliwa, wakatoka na mikuki na magobori yao.

Hawakufika mbali. Miguu ilianza kupishana kama ya walevi. Mikuki ikawaponyoka vidoleni. Askari waliwangoja wakaribie, wakawachoma kwa singe kama watu wanaovuna. Ligumbe alitaka kuinua ngao, mkono ukakataa. Singe ilimwingia chini ya mbavu, ikatoka, ikamwingia tena. Somoe aliyaona yote kupitia ufa wa boma.

Mtopela alirudi akitambaa, nyama ya shavu ikining'inia. Lango likazibwa kwa magogo. Watoto walikuwa wakilia njaa, na miongoni mwao bintiye Somoe.

"Wadachi wametuloga," akasema mzee, damu ikimtoka mdomoni. "Kikapu kilichobaki wapikieni watoto. Wasife na njaa."

Mama mkwe akainuka kukichukua.

Somoe akakipiga teke. Vipande vikatawanyika vumbini. Akageuka, akamtazama baba mkwe machoni, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu tangu aolewe.

"Baba, si uchawi," akasema, na boma zima likasikia. "Ni ndiga hizi. Zinaua. Ndizo zilizomuua mwanao, nami nilijua nikasema 'kidogo'."